Ndege Aliyejificha Ndani ya Filimbi

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wapenzi wa muziki, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie asili ya nyimbo. Nilikubali harakaharaka, kisha nikajuta, maana mada hiyo ni bahari na mimi si nahodha. Kwa hiyo nimeamua kuchota kikombe kimoja tu. Nitazungumzia wimbo mmoja, na ndani ya wimbo huo filimbi, na ndani ya filimbi hiyo sekunde chache zilizowafikisha watu mahakamani karibu miaka thelathini baada ya wimbo kutoka.

Hii filimbi iliyo mezani si pambo. Ngojeni niipulize kidogo.

Haya. Nimemwona mzee pale mstari wa mbele ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika popote. Huo ni "Down Under" wa bendi ya Men at Work, ya Melbourne, Australia. Hata mtu asiyejua neno moja la Kiingereza anaujua kwa filimbi yake. Ni wimbo wa kunata: unausikia asubuhi mara moja, na usiku bado unapiga mluzi wake huku unatafuta ufunguo wa mlango.

Sasa ukiuliza nani aliutunga, jalada la santuri linakujibu bila kusita: Colin Hay na Ron Strykert. Basi. Na kwa kiasi fulani ni kweli. Hay alizaliwa Scotland, akahamia Australia na wazazi wake akiwa na miaka 14. Strykert alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1978 Strykert alijirekodia nyumbani kwenye kaseti kipande kidogo cha besi, na kwa kuwa hakuwa na ngoma, akachukua chupa, akatia maji kila moja kwa kiasi chake, akawa anazigonga. Hay akaisikiliza kaseti ile mpaka ikamwingia, akatunga maneno juu yake. Maneno yenyewe yanachekesha, yana gari la Kombi na mkate wa kupaka Vegemite, kile kipakwa cha chumvichumvi wanachokipenda Waaustralia, ila Hay amesema zaidi ya mara moja kwamba chini ya kicheko kuna malalamiko: nchi inauzwa na kuporwa na wenye tamaa. Watu wakasikia sherehe. Hayo ndiyo maisha ya mtunzi, tusimlilie sana.

Ninachotaka mkishike ni kwamba wimbo ulianza na chupa za maji. Filimbi haikuwepo, na wala ndege hakuwepo.

Mwaka 1979 akaingia Greg Ham. Huyu alikuwa mtu wa ala nyingi: saksafoni, kinanda, filimbi, ukimpa kopo atakutolea sauti. Bendi ilikuwa ikipiga kwenye baa za Melbourne, na Ham akawa anajaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye "Down Under" kwa filimbi yake, anabuni papo hapo, leo hivi, kesho vile, mpaka kipande kikakaa. Mwaka 1980 wakatoa santuri kwa pesa zao wenyewe, na wimbo huu wakauweka upande wa pili. Upande wa kwanza ulikuwa "Keypunch Operator". Nani kati yenu anaukumbuka? Ndiyo, hakuna. Mwaka 1981 wakaurekodi upya chini ya kampuni kubwa, na mapema mwaka 1983 ukawa namba moja Marekani na Uingereza. Septemba ya mwaka huohuo mashua ya Australia II ikawanyang'anya Wamarekani kombe la mbio za mashua la America's Cup walilolishikilia kwa miaka 132, na wimbo ulioimbwa ulikuwa huu. Mwaka 2000 Men at Work wakaupiga kwenye kufunga Olimpiki ya Sydney. Kwa ufupi, ukawa kama wimbo wa pili wa taifa.

Na jina la Greg Ham halimo kwenye orodha ya watunzi. Liwekeni hilo kiporo, tutalirudia.

Sasa turudi nyuma miaka hamsini. Mwaka 1932, mwalimu mmoja wa Melbourne, Marion Sinclair, alitunga wimbo mfupi wa watoto unaoitwa "Kookaburra". Kookaburra ni ndege wa Australia, jamii ya mdiria, mkubwa wa kichwa, na mlio wake ni kama mtu mzima anayecheka kwa dharau. Katika wimbo huo ndege ametua juu ya mkaratusi mkongwe. Mwaka 1934 Sinclair aliupeleka kwenye shindano la Chama cha Girl Guides, yaani skauti wa kike, cha jimbo la Victoria, ukashinda, ukaimbwa kwenye mkutano wa skauti wa mwaka huo, na baada ya hapo ukatembea wenyewe. Watoto wa Australia, Uingereza na Marekani wameuimba kizazi hata kizazi, wengi wakidhani ni wimbo wa kale usio na mwenyewe.

Umbo lake ni muhimu kwa kesi, kwa hiyo nivumilieni dakika mbili za ufundi. Ni wimbo wa kupokezana: kundi la kwanza linaanza, likimaliza mstari wa kwanza kundi la pili linaanzia mwanzo, kisha la tatu, kisha la nne, na wote wanapatana. Ili jambo hilo liwezekane, wimbo lazima uwe mfupi. Wimbo mzima una vipimo vinne. Pigeni makofi manne polepole, hicho ni kipimo kimoja. Rudieni mara nne. Mmemaliza! Huo ndio wimbo wote.

Marion Sinclair alifariki mwaka 1988. "Down Under" ilikuwa imeshavuma kwa miaka saba akiwa hai, na hakumshtaki mtu. Mwaka 1990 kampuni ya uchapishaji wa muziki iitwayo Larrikin ikanunua haki za "Kookaburra" kwa dola 6,100 za Australia. Kwa hiyo wimbo una mtunzi na una mmiliki, na hawa wawili si lazima wawe wamewahi kuonana.

Miaka kumi na saba ikapita kimya. Kisha mwaka 2007 kipindi cha televisheni cha Australia kiitwacho Spicks and Specks, mchezo wa maswali ya muziki wa kuchekesha watu, kikapiga kipande cha filimbi ya "Down Under" na kuwauliza washiriki: kipande hiki kimetokana na wimbo gani wa watoto? Jibu lilikuwa "Kookaburra".

Hapo ndipo moto ulipoanzia, kwa swali la kupitisha wakati usiku. Larrikin ikapata habari, ikaenda mahakamani.

Niwaambie jambo langu binafsi. Filimbi hii nimeipiga miaka mingi kwenye bendi za sherehe, na "Down Under" ilikuwa mtaji wetu, maana ukumbi ukilala unaupiga na ukumbi unaamka. Nimekipiga kipande kile pengine zaidi ya mara mia tano. Na wimbo wa kookaburra niliujua pia, nimewafundisha watoto kuuimba kwa kupokezana. Vidole hivihivi, pumzi hiihii. Sikuwahi kumsikia ndege. Nilipokuja kuambiwa, nikacheka, nikasema haiwezekani. Nikachukua filimbi, nikapiga cha watoto, nikapiga cha Men at Work, nikapiga cha watoto tena. Tangu siku hiyo siwezi kuusikiliza wimbo ule bila kumwona ndege juu ya mti. Nimejaribu. Hatoki.

Kwa nini hatukumsikia? Ngoja niwaonyeshe. Huu ni wa watoto: uko kwenye skeli ya meja, una furaha, unatembea kifua mbele. Mmesikia? Sasa noti zilezile, lakini chini yake gitaa linapiga kodi za maina, yaani noti kadhaa kwa pamoja zenye sauti ya huzuni, na besi inavutavuta kama rege. Noti hazijabadilika ila nyumba imebadilika. Mtu yuleyule, amevaa kanzu badala ya kaptula, mnapishana naye njiani bila salamu. Pia Ham hakuviweka vipande viwili vikiwa vimegandana. Aliweka kimoja, akaingiza noti zake mwenyewe katikati, ndipo akaleta cha pili. Sikio linasikia maongezi ya filimbi moja, halisikii mgeni.

Turudi mahakamani. Jambo la kwanza lililobishaniwa mwaka 2009 halikuwa filimbi hata kidogo. Ilikuwa: huyu anayedai ni mwenye mali kweli? Maana upande wa utetezi ulisema kwamba Sinclair alipouingiza wimbo kwenye shindano la mwaka 1934, alikuwa ameukabidhi kwa Girl Guides, kwa hiyo Larrikin ilinunua mbuzi kwenye gunia. Mawakili wakakaa kuchambua masharti ya shindano la miaka 75 nyuma, wakati mtunzi yuko kaburini. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Safari hii jaji akaona kwamba masharti yale hayakumpokonya Sinclair hakimiliki yake. Larrikin ikaruka kiunzi cha kwanza.

Tarehe 4 Februari 2010 Jaji Jacobson wa Mahakama ya Shirikisho akatoa hukumu kuhusu mahadhi yenyewe. Akakuta kwamba filimbi imebeba vipimo viwili vya "Kookaburra". Na "Kookaburra" ina vipimo vingapi?

Vinne. Mmeona sasa kwa nini niliwapigisha makofi.

Sheria haiulizi umechukua kiasi gani ndani ya wimbo wako wewe. Inauliza umechukua sehemu kubwa kiasi gani ya wimbo wa mwenzako. Ndani ya "Down Under" vile vipande ni kitu kidogo, ni mapambo ya dirishani. Ndani ya "Kookaburra" ni nusu ya nyumba. Kama Sinclair angetunga wimbo wenye vipimo sitini, huenda leo tusingekuwa na kisa cha kusimulia. Mtunzi wa kitu kidogo ndiye aliyelindwa vizuri zaidi. Mimi jambo hili lilinichukua muda kulikubali, na bado sijui kama nalipenda.

Ushahidi mwingine ulikuwa mtamu kwa wanaopenda kesi. Kulikuwa na video ya wimbo, ile ya zamani ambayo wote mmeiona. Ham anaonekana ameketi juu ya mti, anapuliza filimbi. Mti gani? Mkaratusi. Wimbo wa watoto unasemaje? Ndege yuko juu ya mkaratusi. Ukiwa wakili wa mlalamikaji, unaomba nini tena kwa Mungu? Kisha Hay mwenyewe akakiri kwamba kuanzia kama mwaka 2002, akiwa jukwaani, pale filimbi inapoingia wakati mwingine aliimba maneno ya "Kookaburra" juu yake. Alikuwa ameshamgundua ndege, akawa anacheza naye mbele ya watu. Alisema wakati wimbo unatungwa hakujua, na mimi namwamini, kwa sababu nimewaambia yaliyonipata na filimbi hii. Lakini sheria ya hakimiliki haikuulizi ulijua lini. Mwaka 1976 kule Marekani, George Harrison wa bendi ya Beatles alikutwa na hatia juu ya "My Sweet Lord" kwa kunakili wimbo wa "He's So Fine" bila hata kujitambua, na jaji akalisema hilo wazi. Kutojua si kinga.

Ham je? Katika maelezo yake ya maandishi alisema nia yake ilikuwa kuupa wimbo ladha ya Australia. Basi. Hakupandishwa kizimbani kuhojiwa, na jaji akaona anaweza kuhitimisha kwamba alimweka ndege yule kwa makusudi.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ndipo roho yangu inapokwama. Wadaiwa katika kesi walikuwa Hay, Strykert na kampuni za muziki za EMI. Ham hakushtakiwa. Hakuwa mtunzi kwenye karatasi, kwa hiyo hakuwa na mirabaha ya utunzi ya kudaiwa. Mtu aliyeleta filimbi, kitu ambacho dunia nzima inakipigia mluzi, wimbo ulipozaa matunda hakuandikwa kuwa mtunzi. Wimbo ulipokutwa na kosa, kosa likawa lake. Magazeti hayakuandika kuhusu chupa za Strykert. Yaliandika filimbi, filimbi, filimbi. Aliwahi kusema kwamba kinachomuumiza ni kukumbukwa kama mtu aliyenakili. Aprili 2012 alikutwa amefariki nyumbani kwake Melbourne, akiwa na miaka 58. Sisemi kesi ilimuua. Kifo cha mtu si nyenzo ya kukolezea hotuba. Nasema tu kwamba alikwenda akiwa na jambo hilo mgongoni, na Hay, rafiki yake wa tangu ujana, amelizungumza kwa uchungu mara nyingi.

Ya fedha niyapitie upesi. Larrikin ilitaka kati ya asilimia 40 na 60 ya mapato ya wimbo. Julai 2010 jaji akawapa asilimia 5, kuanzia mwaka 2002. Kwa maneno mengine, alisema: ndiyo, mmechukua kitu chake, na hapana, si kitu hicho kilichoufanya wimbo kuwa wimbo. Rufaa ikashindwa Machi 2011, ingawa mmoja wa majaji, Emmett, aliunga mkono matokeo huku akionyesha wazi kwamba hayampi raha. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndiyo ya juu kabisa, ikakataa kulisikiliza shauri, na mlango ukafungwa.

Sasa mtaniuliza, wewe mwenye filimbi, unasimama wapi? Nasimama mahali ambapo pande zote mbili zitanirushia mawe. Wanaosema hakuna kilichochukuliwa, sikubaliani nao. Nimekipiga hapa, mmekisikia kwa masikio yenu. Wanaosema Ham aliiba, sikubaliani nao pia. Mwizi huficha. Huyu alipanda juu ya mti mbele ya kamera! Alichofanya ndicho anachofanya mshairi anapodokeza ubeti wa mwenzake ambao kila mtu anaujua, ili anayeujua atabasamu. Kichekesho chake kilikuwa hiki: wimbo unaimba juu ya kuwa Mwaustralia, nami nikuwekee ndege wa utotoni nyuma yake, tuone kama utamtambua. Tatizo ni kwamba karibu hakuna aliyemtambua kwa miaka ishirini na sita, na alipotambuliwa, wa kwanza kunufaika alikuwa mwenye risiti.

Na jaji naye simlaumu. Alisoma sheria ilivyoandikwa, akapima kwa mizani aliyopewa. Lakini alikiri mwenyewe kwamba ilihitajika sikio lililozinduliwa ili kuukuta ule mfanano, na ndicho kinachonikosesha usingizi kuhusu mada hii mliyonipa. Tunazungumza kana kwamba asili ya wimbo iko pale chini kama jiwe mtoni, ukizamia unaligusa. Wimbo wa "Down Under" wa mwaka 1983 na wa mwaka 2010 ni rekodi ileile, hakuna noti iliyoongezwa, ila asili yake ilibadilika usiku ule swali lilipoulizwa kwenye televisheni. Kabla ya swali, asili yake ilikuwa chupa za Strykert. Baada ya swali, ni ndege wa Sinclair. Na hata huyo ndege ana wanaomgombea: wakati wa kesi walijitokeza watu waliodai kwamba mahadhi ya "Kookaburra" yenyewe yanafanana na wimbo wa kiasili wa Wales, nao unaimba juu ya ndege aliyetua. Wengine wakajibu kwamba hao wa Wales ndio waliochukua kutoka Australia. Mimi huko sikufuata. Nilisema nimekuja na kikombe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie la tarehe, kwa kuwa kijana mmoja aliniuliza mlangoni kama "Kookaburra" sasa ni huru kutumiwa na yeyote. Hapana, kijana wangu. Australia inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Sinclair alifariki 1988. Hesabu mwenyewe: mpaka mwisho wa mwaka 2058 ndege huyu ana mwenyewe, na mimi nimempiga hapa jioni hii mara tatu mbele ya mashahidi.

Naomba maswali, na yeyote mwenye simu iliyokuwa inarekodi, tuonane pembeni.